Makinda wa kozi, yule ndege mwindaji, wako nje ya dirisha langu Moshi mjini, na fundi rangi anaingia wiki ijayo. Nifanyeje?

CherehaniGhorofaYaNne:

Habari zenu ndugu zangu. Naomba msaada kwa yeyote anayewajua ndege hawa vizuri, na naomba upesi maana muda wenyewe ni wiki moja.

Mimi ni fundi cherehani. Chumba changu kiko ghorofa ya nne, ndiyo ya mwisho, katikati ya Moshi mjini. Nashona sare za shule na za kwaya, na mashine nimeiweka dirishani nipate mwanga. Nje ya dirisha hilo, mkono wa kushoto, kuna ukingo wa zege chini ya paa, na juu ya ukingo huo kuna sanduku la mbao. Ndani ya sanduku kuna makinda watatu wa kozi.

Nieleze kwanza sanduku lilivyofika hapo. Miaka ya nyuma kozi hawa walikuwa wanataga kwenye gata ya zege, juu ya matope na majani makavu. Mvua za vuli zikishuka, gata inajaa. Mwaka jana mayai yalielea, na yule mama akasimama kwenye ukingo kunyeshewa hadi jioni, hataki kuondoka. Siku ile sikushona kitu. Nikamfuata seremala wa hapa chini, mtu mwenye moyo, akachukua vipande vya mbao za saipras vilivyobaki kwenye kazi ya milango, akatengeneza sanduku la futi tatu kwa mbili, lina paa, mbele liko wazi ila kuna ubao mfupi wa kuzuia vitu visidondoke. Chini kalitoboa matundu ya kutoa maji. Changarawe tulichota mto Rau, nikaiosha mwenyewe kwenye beseni mpaka maji yakatoka safi. Tukalielekeza mlimani ili jua la mchana wa magharibi lisiingie.

Mwaka huu wakaliingia. Mwishoni mwa Agosti jike alikuwa anakandamiza kifua kwenye changarawe na kurusha mawe nyuma kwa miguu, anajitengenezea kibonde. Hawaleti kijiti hata kimoja. Akataga mayai manne ya rangi ya udongo mwekundu. Dume naye alikuwa anaatamia, akija kupokea zamu ananyata kwa heshima kabisa, maana ni mdogo kuliko mkewe. Mayai matatu yalitotoka mwishoni mwa Septemba, la nne halikutotoka.

Mwanzo makinda walikuwa weupe kabisa, hawawezi kuinua shingo, na mama anachuna nyama vipande vidogo sana na kumpa kila mmoja mdomoni, taratibu, hana pupa. Nimeona mikono mingi ikilisha watoto, lakini uangalifu ule umenifundisha heshima. Sasa hivi wana manyoya ya kahawia kwenye mabawa na mkiani, kichwani na kifuani bado weupe. Wanasimama. Wanapigapiga mabawa mpaka vumbi la changarawe linafika kwenye kioo changu. Baba akitokea na njiwa kelele zao zinasikika hadi kijiwe cha bodaboda.

Wazazi wana mgongo wa kijivu uliokoza, kichwa cheusi kama wamevaa kofia, weusi unashuka chini ya macho kama sharubu nene. Kifua kina mistari ya kulala. Miguu ya njano.

Sasa shida. Mwenye jengo anataka jengo lipakwe rangi kabla ya Desemba. Nyie mnajua Desemba ya Moshi: kila Mchaga aliyeko Dar, Mwanza na nchi za nje anarudi nyumbani, mji unajaa, na kila mwenye jengo anataka lake ling'ae. Simlaumu, ni mzee wa watu na kanivumilia na sanduku hili. Lakini mirunda inaanza kufungwa wiki ijayo, na wanaanzia upande wangu. Fundi kasema sanduku litolewe, wahamishiwe juu ya paa.

Je, wakihamishwa wazazi watawafuata? Wamebakiza muda gani kuruka? Na wakiruka, chini kuna barabara, daladala, bodaboda na mbwa. Kinda akianguka nimshike vipi? Naombeni majibu yatakayonisaidia kuongea na mwenye jengo kwa hoja, maana kwa machozi nimeshajaribu.

MwekaZamani:

Dada yangu, salama. Nilisoma Chuo cha Wanyamapori Mweka, hapo juu yenu tu, na sasa naongoza wageni wa ndege nikiwa Arusha. Kwanza hongera wewe na seremala wako. Mmelitengeneza sanduku sawasawa: changarawe, matundu ya maji, kivuli cha mchana. Wengi huweka maranda au majani, yanashika unyevu na kuvu.

Kwa maelezo yako hao ni kozi wa aina ya Falco peregrinus. Tunaye kozi mwingine huku anayependa majengo pia, Falco biarmicus, lakini yule utosi wake ni wa kahawia nyekundu na sharubu ni nyembamba. Kofia nyeusi na sharubu nene vinamaliza ubishi. Wako ni wale wakazi wa Afrika, wadogo na weusi zaidi. Kuanzia miezi hii wanaweza kupita wenzao wakubwa wanaotoka tundra ya kaskazini kabisa mwa dunia kuja kukimbia baridi. Ukisikia ugomvi angani juu ya jengo, huenda baba anamfukuza mgeni.

Sasa majibu, na nitasema wazi: wasihamishwe. Sababu ni mbili. Ya kwanza ni umri wao. Wakifika wiki ya nne makinda wanaanza kuogopa watu, na anayeogopa anajirusha. Mabawa yanaonekana makubwa lakini manyoya bado yana damu kwenye mizizi, hayajakauka, hayawezi kubeba mwili. Wanaowavisha kozi pete huko Ulaya na Marekani hufanya kazi hiyo karibu na wiki ya tatu, na baada ya hapo hawalisogelei sanduku kabisa. Wewe mwenyewe dirishani hawakuogopi kwa sababu wamekuzoea tangu wako kwenye yai. Fundi wa kigeni akichomoza na mrunda mbele ya sanduku ni habari nyingine. Ninachokihofia wiki ijayo ni watatu wote kuruka kwa mpigo kwenda barabarani.

Ya pili ni sheria. Kushika na kuhamisha mnyamapori bila kibali kunakatazwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na kozi huyu yuko Kiambatisho cha Kwanza cha mkataba wa kimataifa wa CITES, kundi linalolindwa kwa ukali kuliko yote kwenye biashara. Nenda kwa afisa wanyamapori wa wilaya, mweleze, muombe aje aone. Mwenye jengo akisikia kwa afisa hatachukulia kwamba ni wewe unamkatalia. Na umefanya vizuri kutotaja jengo. Kozi wana soko la magendo, naomba usiweke hata picha inayoonyesha maduka ya jirani.

Muda: kinda wa kozi huruka akiwa na siku 38 hadi 45 hivi tangu kutotolewa. Madume hutangulia kwa sababu ni wepesi, majike hufuata baada ya siku chache. Kwa hesabu yako ni wiki ya kwanza na ya pili ya Novemba. Dalili utaziona mwenyewe. Manyoya meupe yatakwisha kifuani, yabaki vishungi kichwani. Wataacha kukaa ndani na kusimama ukingoni. Wazazi wataleta windo kidogo kuliko mwanzo na kupita nalo mbele yao bila kutua, wakiwaita nje.

Wakisharuka hawaondoki mara moja. Wataendelea kulishwa kwa wiki nyingi, na ndipo utakapoona jambo zuri kuliko yote uliyoyaona: baba anakuja juu na windo, kinda anapanda kumfuata, baba anaachia, na kinda analidaka hewani. Mwanzo wanakosa. Wanajifunza hivyo mpaka waweze kujitupa wenyewe. Kozi mkubwa akijitupa toka juu anapita kilomita 300 kwa saa. Kwenye pua zake kuna kinundu cha mfupa, na wengi wanaamini kinapunguza nguvu ya upepo unaoingia wakati wa kujitupa.

Habari ya gata imenikumbusha Montreal, Kanada. Mwaka 1936 kozi jike alihamia kwenye jengo la bima la Sun Life, akawa anataga kwenye ukingo mtupu wa mawe na mayai yanaharibika. Mwaka 1940 wakamwekea trei ya mchanga na changarawe, basi tu. Akaanza kulea makinda, na kozi wakazaa pale hadi 1952. Jirani zako wakisema unacheza na ndege, waambie habari hiyo.

Kuhusu kinda akianguka nitaandika baadaye, niko njiani na wageni.

KijiweChaKati:

Dada tupo pamoja. Sisi wa bodaboda tunawaona kila asubuhi, manyoya ya njiwa yanadondoka hadi kwenye siti za pikipiki. Vijana wapo tayari kulinda chini siku ya kuruka, wewe tupe maelekezo tu. Mbwa tutawafukuza.

NjiwaMajengo:

Naomba na mimi nisikilizwe, kwa adabu. Nafuga njiwa manga hapa Majengo, baba yangu alifuga, mimi nafuga, watoto wangu wanalipiwa daftari na njiwa hao. Kozi wanapolea, mimi ndiye ninayelisha. Njiwa akichukuliwa hewani unaona manyoya tu yanashuka. Mwezi huu nimepoteza majike mazuri yaliyokuwa na mayai, na mayai yakapoa. Watu wanashangilia makinda watatu kwenye sanduku, hakuna anayehesabu yangu yaliyokufa kwenye banda. Sisemi wauawe, mimi si mtu wa hivyo. Lakini nani anafidia?

CherehaniGhorofaYaNne:

Kaka wa Majengo, pole sana, natoka moyoni. Sikuwa nimefikiria mayai yaliyobaki bandani, na umesema kweli kwamba kuna mtu analipa gharama.

Niseme ninachokiona huku juu labda kikusaidie. Baba anawinda zaidi alfajiri kunapopambazuka, na tena jua linapokaribia kuzama. Mchana katikati mara nyingi amesimama kwenye nguzo ya mnara wa simu, bawa limelegea, anapumzika. Jioni kabisa nimemwona akirudi hata na popo. Wengi anaowaleta ni njiwa wa mjini wale wanaokula mahindi kwenye mashine za kukoboa, na tetere, na mbayuwayu. Ukiwafungulia njiwa wako saa nne asubuhi na kuwafungia saa kumi, kwa wiki hizi chache tu mpaka makinda waanze kujitegemea, nadhani utapoteza wachache. Na kama una majike yenye mayai, yafungie kabisa kwa sasa, uwape maji na punje ndani.

Nina vipande vya neti ngumu ya madirisha, mita kadhaa, vilibaki kwenye kazi ya mteja. Njoo uchukue bure ufunike uwanja wa banda, wapate jua bila kuruka. Mwulize yeyote kijiweni atakuelekeza.

BwanaShambaMstaafu:

Binti yangu, hujambo. Nimekuwa bwana shamba katika mkoa huu tangu kahawa ikiwa ndiyo kila kitu, na nimesoma andiko lako mara mbili. Nataka kusema jambo ambalo vijana hawalijui, ili mwenye jengo ajue ana nini ukutani kwake.

Kozi huyu alikaribia kutoweka kabisa Ulaya na Marekani ya Kaskazini, na si kwa bunduki. Ilikuwa dawa. DDT, ambayo sisi wote tuliishika kwa mikono, kwenye mashamba na kwenye kuta za nyumba kwa ajili ya mbu. Mdudu anakula kidogo, ndege mdogo anakula wadudu wengi, kozi anakula ndege wengi, na kila hatua sumu inazidi kujikusanya kwenye mafuta ya mwili. Ndani ya mwili DDT inageuka kuwa DDE, na hiyo inazuia chokaa kujengeka kwenye ganda la yai. Mama anakaa kuatamia, yai linavunjika chini yake. Fikiria mama anayevunja mayai yake kwa kuyalalia kama alivyofundishwa na Mungu.

Mwingereza Derek Ratcliffe ndiye aliyelionyesha hilo mwaka 1967: alilinganisha maganda ya mayai ya zamani yaliyohifadhiwa na yale mapya, akakuta unene umepungua tangu DDT ilipoanza kutumika. Marekani ikaipiga marufuku mwaka 1972. Tom Cade wa Chuo Kikuu cha Cornell alikuwa ameshaanzisha shirika la Peregrine Fund mwaka 1970, wakazalisha kozi kwa mikono, makinda wakawekwa kwenye masanduku juu ya miamba na juu ya maghorofa ya miji mpaka wakaruka wenyewe. Mwaka 1999 Marekani ikamtoa kwenye orodha ya walio hatarini. Kwa hiyo masanduku kama lako yana historia. Sehemu ya uhai wa ndege huyu imepitia kwenye masanduku ya mbao juu ya majengo.

Kwetu hatari haijaisha. Tuna kwelea kwelea kwenye mpunga wa Lower Moshi na mtama wa tambarare. Wakizidi wanapuliziwa sumu ya fenthioni kwa eropleni, jioni giza likiingia, kwenye malalo yao. Naijua njaa inayoletwa na kwelea, sitamlaumu mkulima. Lakini kwelea aliyeguswa na sumu hafi papo hapo kila mara, anaruka akiwa mlegevu, na mlegevu ndiye kozi anayemwona kwanza. Kwa hiyo binti, ukiona mzazi au kinda anatetemeka, mabawa yanaburuta, anashindwa kusimama na hana jeraha, usimguse kwa mikono mitupu. Mpigie afisa wanyamapori, na ukimkuta ndege aliyekuwa akiliwa mfungie kwenye mfuko, usitupe. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu iko Ngaramtoni, Arusha, pale ilipokuwa taasisi ya utafiti wa viuatilifu, TPRI, na wao ndio wenye kazi ya mambo ya sumu hizi.

Dawa ya panya si tishio kubwa kwa huyu, maana hali panya kama mwewe na bundi wanavyokula. Yeye ni wa angani.

FundiRangi_Soweto:

Mimi si fundi wa jengo lenu ila kazi ndiyo hii, nimefanya Moshi na Arusha. Dada, shida ya fundi wako ninaijua: anakimbizana na vuli. Ukuta wa nje ukinyeshewa kabla rangi haijakauka, kazi inarudiwa kwa hela yake. Ndiyo maana anataka kuanza sasa. Ukienda kumwambia "subiri mwezi mzima" hatakusikia.

Mwambie hivi. Aanze pande tatu nyingine. Jengo la ghorofa nne, kukwangua, kuziba nyufa, kupiga praima na mikono miwili ya rangi kwa pande tatu, kwa fundi na vibarua wawili watatu, Novemba inaingia bila kusukumwa. Upande wa sanduku uwe wa mwisho. Na kama paa limetokeza kama ulivyosema, upande huo ndio unaopigwa na mvua kidogo, unaweza kufanywa hata katikati ya vuli, asubuhi mpaka saa saba.

Mawili ya kusisitiza. Asitumie grinda karibu na kona ya upande ule, zege linapitisha mtetemo na kelele hadi ukingoni. Atumie brashi ya waya na mkono. Na rangi iwe ya maji, siyo ya kuchanganya na tina, harufu ile inapanda juu na sanduku liko juu.

Akibisha, nipo tayari kuongea naye fundi kwa fundi.

MwekaZamani:

Nimerudi. Fundi wa Soweto kasema vizuri kuliko mimi. Mimi ningeongeza tu mirunda ya pande nyingine isizunguke kona wala isipite usawa wa sanduku, na vibarua wasikae juu ya paa upande ule. Mama atawashambulia. Anajitupa kichwani kwa kucha, na mtu aliye juu ya mrunda akishtuka ni hatari kwake kuliko kwa ndege.

Kinda aliyeanguka. Kwanza tazameni kabla ya kushika. Akiwa amekaa juu ya kibanda, gari au ukuta, na anaangalia huku na huku, mwacheni, wazazi wanamwona na watamletea. Akiwa barabarani au mbwa yuko karibu, mtu mmoja tu amsogelee, kwa nyuma. Dada, wewe una vitambaa: chukua kipande kizito cha sare, mfunike mwili mzima na kichwa, gizani anatulia. Mshike ukibana mabawa mwilini, na miguu uidhibiti kwa mkono wa pili, kucha ndizo zinazoumiza, mdomo si sana. Mtie kwenye boksi la kadibodi lenye matundu, chini weka kitambaa asiteleze. Usimpe maji mdomoni, usimpe mkate, maziwa wala uji. Kama hana damu wala bawa lililoning'inia, mpandishe juu ya paa, si ndani ya sanduku ambamo wenzake wataruka kwa hofu. Weka boksi kwa ubavu, fungua, ondoka bila kusubiri. Beba mwavuli uliofunguliwa juu ya kichwa, mama atapiga mwavuli. Kama kuna jeraha, boksi libaki limefungwa, mahali pa kimya, na afisa aitwe.

Lingine ni vioo. Makinda wengi wa mjini wanakufa kwa kugonga madirisha yanayoakisi anga. Vipande vyako vya vitambaa, vile vyembamba vya kukata pindo, vining'inize nje ya vioo vya ghorofa ya juu upande wote wa sanduku, viwe karibu karibu, nafasi ya kiganja kati ya kimoja na kingine. Viwe vinacheza na upepo. Vifunge kabla ya mwisho wa Oktoba, ukiwa ndani, bila kutoa mwili nje.

NjiwaMajengo:

Dada nilipita jana, neti nimeichukua, Mungu akubariki. Nimewafungia asubuhi mbili sasa, sijapoteza. Nitasema nikipoteza.

CherehaniGhorofaYaNne:

Ndugu zangu, nimeongea na mwenye jengo. Nilimwita fundi naye akapanda, nikawakaribisha chai chumbani kwangu, wote wawili wamekaa kwenye viti vya wateja. Mzee nikamwamkia, nikamsomea maneno ya BwanaShambaMstaafu kwenye simu, neno kwa neno. Shikamoo sana mzee popote ulipo. Alipofika pale pa mama kuvunja mayai yake mwenyewe, akanyoosha mkono niache kusoma kwanza, akakaa kimya, akauliza dume ni yupi. Bahati nzuri dume alikuwa kwenye nguzo yake. Akamtazama kwa muda mrefu.

Tumekubaliana hivi. Fundi anaanzia upande wa barabara kuu, anazunguka, na upande wangu anauingia Novemba 17. Grinda haitumiki karibu na kona ya upande wangu. Rangi ilikuwa tayari ni ya maji. Mirunda haipiti kona. Mwenye jengo akaweka masharti yake: nikishasema wameruka, sanduku lishushwe lisafishwe wakati ukuta unapakwa, kisha lirudishwe na lipakwe rangi ileile ya jengo ili lisionekane kutoka barabarani. Hilo la kutoonekana nimelipenda zaidi ya yote. Ila naomba kuuliza, harufu ya rangi ndani ya sanduku itawadhuru mwakani?

Afisa wanyamapori amesema atakuja Alhamisi. Wa kijiweni, nimewashonea vitambaa viwili vizito vya kukamatia, kimoja kikae na nyie, kingine kiko kwangu. Boksi nimepata la majora ya vitambaa, refu, nimelitoboa kwa mkasi pande mbili.

Kinda mkubwa leo amesimama kwenye ubao wa mbele kwa mara ya kwanza. Nadhani ni jike kwa ule mwili.

MwekaZamani:

Pakeni nje tu, ndani libaki mbao tupu, na likae juani wiki kadhaa kabla ya kurudishwa. Hawatalihitaji mpaka msimu wa kiangazi mwakani. Changarawe ya zamani mwaga yote, ina mabaki ya nyama na wadudu, weka mpya kina cha vidole vinne, kokoto ndogo za mviringo zisizo na ncha. Mwambie seremala akague skrubu za nyuma akiwa nalo chini, kwa sababu mabawa ya makinda watatu yanatikisa kuliko mnavyodhani.

Na boksi la majora ni refu mno kwa ndege mmoja, atakimbia ndani na kujivunja manyoya. Likate nusu.